Waipa za Lori la Susuni

Kaka yangu Athuman Maftah alikuwa fundi hodari wa magari, na alikuwa mtu wa kujisikia kupita kiasi. Nayataja yote mawili mapema kwa sababu watu wa Tarime wakimkumbuka siku hizi wanamsifu kama malaika, na mimi niliyempikia na kumfulia ovaroli zake sipendi sifa za namna hiyo. Alipenda kusifiwa. Gari lililokuwa limelala wiki nzima likinguruma tena, alisimama kando akijifuta mikono taratibu kwa kitambaa, akingoja watu waseme neno. Wasiposema, alikohoa.

Baba yetu alitoka Pangani enzi za Mwingereza akiwa na cherehani moja, akaja kushonea watu nguo huku bara, akaoa hapahapa mjini na kufia hapahapa. Mimi nilirithi cherehani. Athuman alikwenda Musoma kujifunza injini kwenye gereji ya Mhindi, akarudi na sanduku la spana na maneno mengi. Tulipanga chumba kimoja chenye baraza pana. Mimi nilishona barazani, yeye alifungua magari yake uwanjani mbele yangu, na moshi wake ulinichafulia vitambaa vya watu. Mkewe alikuwa amefariki, mimi nilikuwa nimeachika bila mtoto. Tuligombana kutwa, jioni tukala sahani moja.

Tabia yake mbaya kuliko zote ilionekana gari likirudishwa. Hakukubali hata siku moja kwamba tatizo limetoka mkononi mwake. Mara dereva amekanyaga vibaya, mara dereva amejaza mafuta machafu, mara dereva amelala na usukani. Nilimwambia, "Athuman, nchi hii ina madereva wengi mno wabaya, na wote wanakuja kwako." Alininunia mpaka siku ya pili.

Mwaka wa sabini na saba mpaka wa Sirari ukafungwa. Kabla ya hapo, Athuman akihitaji spea alipanda basi la asubuhi mpaka Kisii na jioni alikuwa amerudi nayo mfukoni. Baada ya hapo tulitafuta sabuni ya kufulia kwa tochi, sembuse mpira wa injini. Mafundi wote wa Tarime wakawa watu wa kubuni. Ngozi ya ng'ombe ilikaa palipostahili raba, waya wa uzio ukashika kilichokuwa kimeshikwa na bolti. Athuman alibuni kuwashinda wote, na hilo alilijua vizuri sana.

Kijiji cha Susuni kilikuwa na lori moja kuukuu la petroli, la Kiingereza, walilopewa baada ya watu kuhamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Lilibeba mahindi, mbolea, wagonjwa na maharusi. Dereva wake alikuwa Joram, mtu wa hukohuko Susuni, mrefu, asiyekunywa, mzito wa kusema. Lilipoharibika lililetwa kwa Athuman, na masika ya mwaka uliofuata liliharibika waipa.

Inabidi nieleze waipa za lori lile, maana nilieleweshwa na kaka yangu mara nyingi hata nisipotaka. Hazikuendeshwa na umeme. Ziliendeshwa na pumzi ya injini. Injini inaponyonya hewa inanyonya pia kupitia mpira mwembamba unaokwenda mpaka kwenye kifaa cha waipa, na mnyonyo huo ndio unaozichezesha. Kila aliyewahi kuendesha malori hayo aliijua tabia yake. Ukipanda mlima umekanyaga mafuta mpaka mwisho, mnyonyo unapungua na waipa zinasinzia kiooni. Ukiteremka umeachia mafuta, mnyonyo unakuwa mkali na waipa zinakwenda mbio.

Mpira ule mwembamba ulikuwa umepasuka. Wa kubadilisha haukuwepo Tarime, haukuwepo Musoma. Athuman akamwendea Veronika, muuguzi wa zahanati moja ya hapo jirani, akamwomba kipande cha mpira mwekundu wa hospitali, ule laini wa kupitishia maji. Ukaingia kana kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya lori lile. Aliwasha injini, waipa zikacheza, na watu waliokuwa barazani kwangu wakapiga makofi. Siku hiyo hakuwa na haja ya kukohoa.

Baada ya majuma machache, alasiri moja ya mvua kubwa, lori lilirudi Susuni likiwa na shehena ya mahindi. Lilipanda mlima mrefu wa kuingia kijijini, likafika juu, likaanza kuteremka. Chini ya mteremko kijana mmoja jina lake Mniko alikuwa akivusha maksai wa baba yake kutoka shambani. Lori lilimgonga, akafia palepale barabarani. Alikuwa ameoa mwaka uleule.

Joram hakukimbia. Madereva wengi wakigonga mtu hukimbilia polisi kuokoa roho zao, na siwalaumu. Yeye aliketi kwenye tope kando ya maiti, mvua ikiwanyeshea wote wawili, mpaka Mzee Mogesi, baba wa Mniko, alipofika na watu wake. Vijana walimpiga. Mogesi mwenyewe ndiye aliyewazuia.

Polisi walimweka Joram mahabusu, lori likavutwa mpaka kituoni Tarime. Alisema jambo moja tu: waipa zilisimama, kioo kikawa maji matupu, hakuona kitu. Basi Koplo Simoni wa trafiki akamwita Athuman aje kulikagua. Nilifuatana naye, na watu wengi wa Susuni walikuwepo, Mogesi akiwa amesimama mbele na fimbo yake. Athuman aligeuza ufunguo, injini ikawaka, na waipa zikacheza vizuri kabisa, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Watu wakaguna.

Koplo hakuwa mtu mjinga. Alikuwa ameendesha malori jeshini, na aliuliza swali la maana. Alimtoa Joram nje, akamwuliza, "Zilisimama wapi? Mlipokuwa mnapanda?"

"Hapana, afande. Zilikuwa zinasinzia kwenye mlima, lakini zilikwenda. Zilisimama kwenye mteremko."

"Fikiri vizuri. Kwenye mlima."

"Kwenye mteremko, afande."

Koplo akamgeukia kaka yangu. Na Athuman, mbele ya umati ule, mbele ya baba wa marehemu, akasema kwa sauti yake ya kusikika mbali, "Huyu ni mwongo. Lori hili likiteremka ndipo waipa zinapata nguvu. Hata mtoto anajua." Joram akarudishwa ndani. Koplo aliandika yale maneno, na lori likaachiwa liende likanyooshwe bodi.

Hapo ingekuwa imekwisha. Joram angefungwa, Athuman angeendelea kusifiwa. Kilichoharibu starehe yetu ni Robi, mke wa Joram, aliyefika barazani kwangu asubuhi moja akiwa na mtoto mgongoni. Nilidhani ameleta nguo. Hakuwa na nguo. Alisimama uwanjani karibu na miguu ya Athuman, ambaye alikuwa chini ya lile lori akinyoosha madigadi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba."

"Nimetoka kumwona baba watoto. Ananituma. Anasema nikuambie hivi: zilisimama tukiteremka. Basi. Hakuna kingine."

Athuman akajibu hukohuko chini, "Mwambie aache. Anajiumiza bure."

"Hata koplo alimwambia hivyo. Alimwambia akisema zilikufa kwenye mlima, kila mtu ataamini, atapata nafuu. Amekataa. Anasema hawezi kusema mlima wakati ilikuwa mteremko." Akampandisha mtoto vizuri mgongoni. "Mimi gari silijui, fundi. Lakini mume wangu akitaka kudanganya, si angedanganya uongo unaomsaidia?"

Akaondoka. Nilisikia nyundo ya Athuman ikigonga mara moja, kisha ikanyamaza. Alikaa chini ya lori muda mrefu. Alipotoka, chakula cha mchana alikigusagusa tu. Mimi pia nilikuwa nimelisikia swali la Robi, na ilinibidi nifumue mshono niliokuwa nimeupinda.

Siku iliyofuata alikopa magunia ya mahindi kwenye ghala la jirani, akapakia lori likajaa. Mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa ziwa. Akaniambia, "Mwanne, panda. Nataka mtu wa kutazama kioo." Nilipanda, japo sipendi malori. Tulishika njia ya Susuni, na kabla hatujafika mlimani mvua ikamwagika.

Kwenye mlima mambo yalikwenda kama walivyosema wote. Injini ililia, joto likapanda kutoka miguuni mpaka usoni, na waipa zikawa zinajikokota kama bibi anayekwenda kuchota maji. Lakini zilikwenda. Tulifika juu, Athuman akaachia mafuta, lori likaanza kushuka. Waipa zikapiga mbio mara mbili tatu. Kisha zikasimama katikati ya kioo.

Mbele yetu palikuwa na maji tu. Barabara haikuwepo, mto ulioko chini ya mteremko haukuwepo, na kama mtu angekuwa anavusha ng'ombe tusingemwona. Athuman alikanyaga breki kidogokidogo, kichwa akiwa amekitoa dirishani, mpaka lori likasimama likiwa limeegemea ukingo wa juu. Injini aliiacha inaunguruma. Waipa zilikuwa bado zimelala.

Aliteremka, akafunua boneti. Niliweza kumwona kwa pembeni, mvua ikimpiga mgongoni. Aliinama, akatulia. Baadaye ndipo aliponieleza alichokiona: ule mpira mwekundu wa hospitali ulikuwa umelainika kwa joto la mlima, na mnyonyo mkali wa mteremko ulikuwa umeubana kuta zake zikashikana, ukawa bapa kama utumbo mtupu. Hapakupita hewa. Mpira wa Kisii ulikuwa na kuta nene na usingebonyea. Huu ulitengenezwa kupitisha maji kumwingia mgonjwa, haukutengenezwa kunyonywa na injini ya moto.

Alikinga viganja, akachota maji ya mvua, akaumwagia ule mpira. Mara waipa zikashtuka na kuanza kucheza mbele ya uso wangu.

"Zinakwenda!" nikapiga kelele. "Athuman, zinakwenda!"

Alisimama pale kwenye mvua, mkono mmoja juu ya boneti, na nilimwona kaka yangu akilia kwa mara ya kwanza tangu tumzike mkewe. Hapo ndipo nilipoelewa. Kituoni lori lilikuwa baridi, mpira umerudia umbo lake, kila kitu kizima. Joram alikuwa amesema kweli neno kwa neno, na kilichosimamisha zile waipa ni kile kipande ambacho watu walikipigia makofi.

Tulirudi mjini. Nyumbani aliung'oa ule mpira, akauweka mezani karibu na bakuli la ugali. Hakuna aliyeuona ila sisi wawili. Ungeweza kutupwa jikoni ukawa majivu kabla maji ya chai hayajachemka, na yeye alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

"Ungefanyaje wewe?" akaniuliza.

Nilikasirika. Kutwa anajua kila kitu, leo ananiuliza mimi. Nikamwambia mimi ni mshonaji, nikikosea kushona mtu anatembea na shati bovu, hazikwi. Maneno yakatoka makali kuliko nilivyotaka. Aliitikia kwa kichwa, akanawa mikono, akaenda kuswali.

Asubuhi alikwenda polisi na mpira umefungwa kwenye leso. Koplo Simoni alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Fundi, wewe mwenyewe uliniambia hapa kwamba ni mwongo. Mbele ya watu."

"Nilisema. Sasa nasema nilikosea."

Koplo hakuridhika kwa maneno. Aliufunga mpira mwenyewe, akapanda lori lenye mzigo, akaendesha mpaka mlimani na kurudi. Aliporudi aliandika maelezo upya: zilisimama kwenye mteremko. Joram aliachiwa mahakamani. Athuman alipewa onyo kali, na kwa muda hakuruhusiwa kugusa magari ya umma. Joram alipita mbele ya baraza letu siku aliyotoka, Robi akiwa nyuma yake. Athuman alisimama, akasema, "Joram." Yule bwana hakugeuza shingo.

Kwa serikali mambo yalikuwa yamekwisha. Kwa watu wa Susuni ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mzee Mogesi alimtuma mtu aje kusema kwamba kutakuwa na ritongo, kikao cha wazee wa ukoo, na kwamba aje aliyefunga mpira. Kwao mtu akifa kwa mkono wa mtu, hata kwa bahati mbaya, nyumba hizo mbili haziwezi kunywa maji kwenye kibuyu kimoja wala kuoleana, na vijana hawawezi kukutana njiani kwa amani, mpaka pande zote zisimame, ziseme, na wazee wazisuluhishe.

Wenzetu wa msikitini walimshauri asiende. Walisema mambo ya kimila si yetu, mwenye kutaka kisasi anaweza kujificha humo, na mahakama imeshamaliza. Aliwasikiliza kwa heshima. Akasema, "Aliyekufa ni wa kwao. Nitakwenda kwao." Hakuna aliyejitolea kwenda naye. Tulikwenda wawili, yeye akiswaga dume la ng'ombe kama alivyoagizwa, mimi nyuma na mwavuli wangu. Uongozi wa kijiji nao haukuonekana, maana mwenyekiti wake, kwa kuwa serikali haikuvipenda vikao hivyo, aliona heri siku ile awe na safari.

Walikuwa wamekusanyika uwanjani karibu na ghala la kijiji. Upande mmoja walisimama Mogesi na watu wake wote, wanaume wa kila umri. Mjane wa Mniko alikaa chini nyuma yao, kichwa kimenyolewa. Mkabala nao paliachwa nafasi tupu, na huko ndiko Athuman alikoelekezwa. Alisimama hapo peke yake na ng'ombe wake. Watu wengine wa kijiji waliketi kando, Joram na ukoo wake wakiwemo. Ukoo huo wa Joram ulikuwa umeshaambiwa na wazee kwamba hauna deni, mkono wa mtu wao umeonekana ni safi.

Athuman aliongea. Hakutaja mpaka uliofungwa, hakutaja spea zilizokosekana, na nilimjua kiasi cha kuelewa jinsi hilo lilivyomgharimu. Alisema, "Mzee Mogesi, shikamoo. Mimi ndiye niliyefunga mpira usiofaa. Mwanao amekufa kwa kazi ya mikono hii. Na Joram nilimwita mwongo, naye alikuwa anasema kweli."

Mogesi alitazama nyuma ya Athuman. Kisha akauliza, "Watu wako wako wapi, fundi?"

"Nina dada yangu, yule pale."

"Mwanamke hasimami hapa. Wanaume wako."

"Sina, mzee. Baba alikuja peke yake, akafa. Wa Pangani siwajui."

Wazee wakanong'onezana kwa Kikurya. Mogesi akatikisa kichwa, na hasira haikuwepo usoni mwake. Kulikuwa na uchovu tu. "Maneno yako nimeyasikia, mura. Ni mazuri. Lakini mimi napatana na nani? Wewe mtu mmoja. Kesho umekufa, watoto wangu watapatana na nani? Mtu hawezi kusimama hapo peke yake. Chukua ng'ombe wako urudi nyumbani." Akaongeza polepole, "Na sisi tutabaki na hili jambo letu hivi hivi."

Mzee mmoja akaanza kunyanyuka. Athuman alibaki ameshika kamba ya ng'ombe, anatazama ile nafasi tupu kulia na kushoto kwake kana kwamba kuna mtu amechelewa kufika. Nilitaka kwenda kusimama naye, wanitoe kwa nguvu wakitaka. Nilibaki na mwavuli wangu.

Joram akasimama. Alivuka uwanja kwa hatua zake ndefu, na wote tulidhani anakwenda kumpiga. Akasimama kulia kwa Athuman, bega kwa bega, akiwatazama watu wa Mogesi.

"Toka huko," mjomba wake akamwita kutoka kwenye kundi. "Wewe huna deni."

"Usukani nilishika mimi," Joram akasema. Hakumtazama Athuman alipoendelea. "Sijakusamehe, fundi. Neno lako liko hapa, na litakaa. Lakini mimi nilikuwa ndani ya lile gari. Siwezi kukaa kule na wewe umesimama hapa."

Kwa mila yao mtu wa ukoo akisimama, ukoo hauwezi kubaki umekaa. Mjomba alisonya, akaokota fimbo yake, akavuka. Akafuata kaka yake Joram, kisha wazee wawili wakisaidiana kunyanyuka, kisha wengine, wakinung'unika, wakijipangusa majani kwenye nguo, mpaka nafasi ile ikajaa nyuma ya kaka yangu na sikuweza tena kumwona.

Mzee Mogesi aliwatazama mmoja mmoja. Akaishindilia fimbo yake ardhini.

"Sasa tuanze," akasema.